Barua za 1963 na Mahakama za Kadhi

Mjadala wa dini na serikali ukifufuka Kenya, Mahakama za Kadhi hazikosi kutajwa, na watetezi wake hukimbilia barua za Oktoba 1963. Wakati huo mwambao, ule ukanda wa maili kumi, ulikuwa bado milki ya Sultani wa Zanzibar, ukitawaliwa na Waingereza. Ili uingie Kenya huru, Jomo Kenyatta alimwandikia Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, akaahidi kuwa mamlaka ya makadhi katika ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu yatahifadhiwa wakati wote.

Hoja hiyo si nyepesi. Ardhi ilitolewa kwa masharti, na aliyeipokea hawezi kubaki na ardhi akayatupa masharti.

Viongozi wa makanisa waliofungua kesi ya kuzipinga mahakama hizo mwaka 2004 hawakukubali. Sultani na Shamte walipinduliwa Januari 1964, makadhi wakafika hadi bara, na mshahara wao unatoka kwenye kodi ya kila mtu. Mei 2010 Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Agosti 4 mwaka huohuo, wananchi wakapitisha Katiba mpya yenye makadhi ndani yake, kifungu cha 170, japo kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. (Utangulizi nao unakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, kwa hiyo anayedai Katiba haijui dini kabisa ana kazi ya kufanya.)

Kwangu mimi kura ile ina uzito kuliko barua, kwa sababu Katiba iliongeza jambo ambalo Kenyatta na Shamte hawakuliandika: haitoshi wahusika kuwa Waislamu, ni lazima pia wakubali wenyewe kuhukumiwa na kadhi. Hata hivyo, kifungu cha 24 kinaruhusu haki ya usawa ipunguzwe mbele ya kadhi, na hapo ndipo wapingaji wana hoja yao nzito zaidi. Binti ambaye fungu lake la mirathi ni nusu ya la kaka yake anaweza kukataa, akaenda mahakama nyingine. Kisheria, naam. Nyumbani, mbele ya ami zake, ni habari nyingine, na si barua za 1963 wala malalamiko ya kodi yatakayomsaidia.