Kinachoitishia Jeonju si pasta, ni kodi ya pango

Ukimwambia mtu wa Seoul kwamba unaishi Jeonju, atakujibu papo hapo kuwa huo ndio mji wa chakula. Anamaanisha bibimbap (wali uliochanganywa na mboga), supu ya kongnamul (machipukizi ya soya) na birika la makgeolli, pombe ya mchele, linaloletwa pamoja na visahani mpaka meza inajaa. Siku hizi, lakini, sifa hiyo inafuatwa na lawama: eti kila uchochoro una kibao cha pasta, baga au piza, na mji unapoteza asili yake. Nimeyasikia haya kwa wenyeji, na hata kwa Waafrika wenzangu tunaosoma huku. Siyakubali.

Jeonju ni makao makuu ya jimbo la Jeonbuk (zamani Jeolla Kaskazini), Korea Kusini, mji wa watu zaidi ya 600,000, na mwaka 2012 UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya miji ya mapishi. Kwenye Kijiji cha Hanok, kwenye zile nyumba za jadi za vigae vyeusi, halmashauri ilikuwa ikiruhusu migahawa ya chakula cha jadi tu. Mwaka 2023 ikalegeza: chakula cha Kijapani, cha Kichina na cha Kizungu ruksa, ila matawi ya kampuni kubwa za baga, kahawa na mikate yakabaki marufuku. Wapo waliolia kwamba mji umeuzwa. Kwa maoni yangu halmashauri ilichelewa.

Chakula cha Kizungu si mgeni wa jana Korea. Mgahawa wa kituo cha treni cha Seoul ulifunguliwa mwaka 1925, wakati wa utawala wa Wajapani, ukadumu hadi 2021. Mapishi yenyewe yalikuwa yamepitia Japani kwanza, na Wakorea nao wakayageuza tena. Ingia leo kwenye mgahawa wa zamani wa aina hiyo, wanaouita gyeongyangsik, uagize donkkaseu. Inatangulia supu nzito nyeupe kwenye bakuli dogo, imenyunyiziwa pilipili manga. Kisha inakuja sahani: nyama ya nguruwe iliyopondwa mpaka ikatanda, ikaviringishwa kwenye chenga za mkate, ikakaangwa na kumwagiwa mchuzi wa kahawia wenye utamu kidogo. Kando yake kuna kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba kama uzi, wali uliobonyezwa kwa kijiko, na vipande vya njano vya danmuji, achari ya figili. Kimchi haikosekani. (Wenzangu Waislamu wataona kuna omuraisu, wali uliofunikwa na kimanda, lakini ulizeni kwanza, maana mara nyingi hutiwa hemu, nyama ya nguruwe.) Mzee wa Kikorea akila sahani hiyo hakumbuki Ulaya. Anakumbuka siku aliyomaliza shule, au siku aliyokutanishwa na mkewe, kwa sababu miaka ya 1970 na 1980 huko ndiko watu walikokwenda siku zao kubwa.

Vijana wanaofungua migahawa leo karibu na Gaeksa, jengo la kale la wageni wa serikali katikati ya mji, kwenye mtaa uliobatizwa Gaengnidan-gil, wanaendeleza kazi ileile. Ninapopenda kula mimi pana meza chache na jiko lisilo na mlango. Mpishi ndiye mwenye mgahawa. Ni mtoto wa hapahapa, alijifunza kazi Seoul akarudi kwao. Pasta yake ya krimu ina gochujang, rojo la pilipili la Kikorea, nyingine ina mayai ya samaki yaliyotiwa chumvi, na kila sahani inasindikizwa na achari tamu ya matango ambayo ukiimaliza unaongezewa bure. Mtaliano angeshangaa. Mji unaokimbiwa na vijana wake kwenda Seoul, safari isiyofika hata saa mbili kwa treni ya mwendo kasi ya KTX, ungepaswa kumshukuru kijana huyu kwa kurudi.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wa siku moja hawalioni. Meza kubwa za Jeonju zimepangwa kwa ajili ya kundi. Mlo kamili wa hanjeongsik, ule wa Kikorea wenye visahani vingi, michuzi ya kuchemshia mezani, yote hayo mara nyingi huuzwa kuanzia watu wawili, na ukienda peke yako unarudishwa mlangoni kwa upole. Bibimbap utapata, lakini kwenye migahawa ya watalii bei hupita won 10,000 bila shida. Mwanafunzi anayeishi peke yake, mjane, fundi aliyetoka zamu ya usiku, hawa wote wanahitaji mahali pa kukaa na sahani moja bila kuulizwa wako wangapi. Migahawa midogo ya pasta na baga imewapa nafasi hiyo.

Hofu yangu mimi iko kwingine kabisa. Gyeongnidan-gil ya Seoul, ambayo Gaengnidan-gil imeiga jina lake, ilijengewa sifa na wapishi wadogo, wateja wakafurika, kodi ikapaa, wapishi wakafunga, na maduka yakabaki matupu. Tangu 2018 sheria inampa mpangaji wa biashara haki ya kuongeza mkataba mpaka itimie miaka 10, na kwa mikataba inayolindwa kodi haipandishwi zaidi ya asilimia 5 kwa mara moja. Ila mpangaji akishatoka, mwenye jengo anamtajia anayefuata bei anayoitaka. Hapo mwenye ubavu wa kulipa kodi hiyo, pamoja na kilemba, ni kampuni yenye matawi nchi nzima. Na nje ya Kijiji cha Hanok, marufuku ile haiigusi.

Wilaya ya Seongdong, Seoul, ilitunga kanuni mwaka 2015 kwa ajili ya mitaa ya Seongsu: wenye majengo wakasaini makubaliano ya kutopandisha kodi ovyo, na kampuni zenye matawi zikawekewa mipaka. Haikuzuia kila kitu, maana Seongsu ya leo ni ghali sana, lakini iliwapa wadogo muda wa kushika mizizi. Halmashauri ya Jeonju iichukue kanuni hiyo, iwaite wenye majengo wa Gaeksa, ikae nao mezani mwaka huu, kabla wapishi hawajaanza kubandika matangazo ya kupangisha kwenye vioo vyao.