Gobore haliuliwi na mvua

Jumapili nilikuwa Newala kwa mjomba wangu. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ukungu umetanda mpaka mlangoni. Akanitolea gobore lake, lile analolindia mihogo, analimiliki kwa kibali tangu sijaanza shule. Akasema, "Mjomba, mvua za mwaka huu zimeniulia bunduki." Nikaingiza kitambaa mtutuni kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti. Kikatoka chekundu.

Nikamuuliza mara ya mwisho kapiga lini. Ijumaa ya wiki iliyopita, mara mbili, nguruwe walikuwa shambani. Alisafisha? Alimimina oili ya pikipiki, akaliegemeza ukutani.

Maneno haya nayasikia kila kifuku, Tandahimba mpaka Masasi, na yananiuma. Mvua inasingiziwa. Baruti nyeusi, hii ya gobore, robo tatu yake ni shura, ambayo ni aina ya chumvi, iliyobaki mkaa na salfa. Ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haiendi na moshi. Inabaki masizi yenye chumvi, na chumvi hiyo inavuta unyevu kama ile ya jikoni inavyolowa ndani ya kopo Januari. Bunduki haijatoka hata nje, kutu imeshaanza. Oili haiondoi masizi. Inakorogana nayo yanakuwa kama lami, na chini yake chuma kinaendelea kuliwa.

Dawa yake ni maji, tena siku hiyohiyo. Kwanza hakikisha halijajazwa: mdeki wa mjomba una mkato, ukizama mpaka pale, mtutu ni mtupu. Kisha maji ya moto na sabuni ya mche, sugua, mwaga, rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Maji ya moto yanapasha chuma, kinakauka haraka. Ndipo upake mafuta ya cherehani kidogo, na kabla ya kujaza tena uyafute, yasije yakalowesha baruti.

Haya, mvua nayo ina lake. Fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti, ikiingia maji umebaki na fimbo mkononi. Ziba kwa nta ya nyuki pale inapokaa.

Ila wewe unayelitundika juu ya moto jikoni likiwa limejazwa, eti baruti isipate unyevu, nakusihi litoe leo. Watoto wanaota moto hapo.

La mjomba tulichemshia sufuria tatu. Kitambaa cha tisa kikatoka cheupe, lakini kule chini, baruti inapowakia, kilikuwa kinakwaruza na kukwama. Kutu imeshachimba. Nikamwambia asilipige mpaka fundi aliangalie. Hakunijibu. Alilifunga kwenye kanga ya zamani ya shangazi, akalirudisha ndani, na usiku ule nguruwe walifika mpaka kwenye karanga.