Kasino iliungua kabla hawajarekodi chochote

Mwandishi wa uhakiki niliousoma anasema filamu isiyo rasmi kuhusu Machine Head, albamu ya bendi ya roki ya Uingereza Deep Purple, inatuonyesha jinsi albamu ilivyorekodiwa ndani ya kasino ya Montreux, Uswisi. Hapo nakataa. Kurekodi kasinoni ulikuwa mpango tu. Kasino iliteketea tarehe 4 Desemba 1971, onyesho la mwanamuziki wa roki Frank Zappa likiendelea, baada ya mtu mmoja katika hadhira kufyatua bastola ya fataki kuelekea darini. Jamaa wa Deep Purple wakahamia ukumbi mwingine, wakaambulia msingi wa wimbo mmoja (ndiyo, ule wa moshi juu ya maji, Smoke on the Water), majirani wakalalamikia kelele na polisi wakaja. Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika kwenye korido ya Grand Hotel, iliyokuwa imefungwa msimu wa baridi, magodoro yakiwekwa kuzuia mwangwi na gari la kurekodia la bendi ya Rolling Stones likiwa limeegeshwa nje. Kulifikia gari hilo ilibidi wapite vyumbani na kwenye baraza, mpaka wakachoka kwenda kujisikiliza. Wakawa wanapiga tu mpaka waridhike. Mimi nimepiga besi miaka mingi kwenye kumbi za harusi, na nawaambia, bendi isiyojisikiliza kila dakika hupiga kwa kuaminiana, na ndicho ninachokisikia kwenye albamu hiyo. Sasa mliokwisha kuitazama filamu yenyewe: hoteli haitajwi kabisa, au mwandishi wetu alisinzia?