Sindano ya Bei Kali Haitakuokoa

Hapa Malindi, mtu akinunua gramafoni kwa Mtaliano anayefunga nyumba arudi kwao, barazani ataulizwa kwanza: sindano yake kampuni gani? Imechomekwa kwenye amplifaya ipi, hakuna anayeuliza. Na sauti huharibikia hapo hapo.

Katriji, yaani kile kichwa kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme, hutoa umeme kidogo mno. Zile za sumaku inayotikisika, ambazo wengi wetu ndizo tunazo, hutoa milivolti 3 hadi 5 hivi. Za koili (mzingo wa waya) inayotikisika, mfano Denon DL-103, hutoa 0.3 tu. Za kwanza zatosheka na fono (sehemu ya amplifaya, au kisanduku cha pembeni, inayokuza umeme wa katriji) inayokuza kwa desibeli 40, za pili zataka kama 60. Chomeka DL-103 kwenye tundu la fono la kawaida, utafungua sauti mpaka mwisho na bado udi utazamishwa na mvumo wa umeme. Halafu lawama apewe aliyekuuzia santuri!

Hilo ni jepesi kuligundua. Linalotupita wengi ni kapasitansi, yaani kiasi cha chaji ya umeme ambacho waya na fono huhifadhi, kinachopimwa kwa pikofaradi. Katriji za sumaku hupangiwa mzigo (ukinzani) wa kiloomu 47, na karibu kila fono inao, kwa hiyo hapo hakuna ugomvi. Lakini hupangiwa na pikofaradi pia: Audio-Technica AT-VM95E yataka 100 hadi 200, Ortofon 2M Red 150 hadi 300. Na hiyo ni jumla ya kila kitu: nyaya za ndani ya mkono, waya wa nyuma, na fono yenyewe. Sasa mtu ana AT-VM95E, kabati la amplifaya liko upande wa pili wa sebule, akavuta waya mrefu ambao peke yake una 200, na fono ina 200 nyingine. Amefika 400. Kilele cha trebo (sauti nyembamba za juu), ambacho kingekaa huko juu karibu na kilohezi 17, kimeshuka mpaka kama 11. Kila "s" ya mwimbaji inachoma sikio, na sauti za juu zaidi ya hapo zinakatika. Katriji ya bei mara tatu haitaiondoa kasoro hiyo. Waya mfupi utaiondoa.

(Wenye santuri za 78, kama zile Siti binti Saad alizorekodi Bombay kuanzia 1928, wana kesi yao: mfereji wake wataka sindano nene zaidi, na fono za leo hufuata mkunjo wa RIAA wa 1954, kanuni ya kusawazisha besi na trebo za santuri, uliokuja baadaye sana.)

Mimi katriji ya koili siinunui nikiwa huku pwani. Ncha yake ikisagika huwezi kuichomoa ukaweka nyingine. Ni kuituma ng'ambo na kungoja. Ya AT-VM95E waivuta kwa vidole, wasukumia mpya, taarabu inaendelea. Kwa hiyo anayetaka kutumia pesa za DL-103 na anunue fono yenye swichi ya kapasitansi, waya wa nusu mita, na sindano ya akiba. Gramafoni na isogezwe karibu na amplifaya, hata kama mama watoto atalalamikia kabati.