Thoroughbred kwenye farasi wa Ireland: abaki, aondoke, au achaguliwe vingine?

Kwa asiyefuatilia farasi niseme kwanza hivi, farasi wa michezo wa kienyeji kule Ireland ni chotara. Mama ni Irish Draught, farasi wa shamba, yule wa kulima siku za kazi, Jumapili kuvuta gari la familia kwenda kanisani na msimu wa baridi kupandwa kwenda kuwinda mbweha. Baba ni Thoroughbred, farasi wa mbio. Mchanganyiko huo tu, labda na damu kidogo ya poni wa Connemara, ndo unaoitwa wa asili. Sasa kuna wafugaji wanasema Thoroughbred ametosha, leteni madume ya Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji, na wengine wanasema ukimtoa Thoroughbred basi hakuna tena farasi wa Ireland, kuna nakala ya wa Ulaya bara aliyezaliwa kwenye mvua.

Mi nasimama na Thoroughbred. Ila nina masharti na nitayaeleza.

Angalia kazi yenyewe. Kwenye mashindano yanayoitwa iventi farasi mmoja anafanya dresaji (kuonyesha hatua na utii uwanjani), krosi-kantri (kukimbia na kuruka vizuizi nje, porini) na kuruka viunzi uwanjani. Kwenye ngazi ya juu kabisa, ile ya nyota 5, krosi-kantri inapigwa kwa mwendo wa mita 570 kwa dakika, zaidi ya dakika 10, kupanda na kushuka vilima huku anaruka magogo na mitaro. Draught ana mfupa mnene, kwato nzuri, akili iliyotulia na ile tabia ya kuangalia mguu wake unatua wapi, lakini mwili ule haukuumbwa kukimbia hivyo, pumzi itamwishia njiani. Anayeleta pumzi ni Thoroughbred. Custom Made aliyempa mpandaji wake David O'Connor dhahabu ya iventi kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 alizaliwa Ireland na baba yake Bassompierre alikuwa Thoroughbred. Hata kwenye kuruka viunzi, Boomerang wa mpandaji Eddie Macken aliyebeba Derby ya Hickstead, shindano kubwa la viunzi kule Uingereza, miaka minne mfululizo, 1976 mpaka 1979, naye baba ni Thoroughbred, Battleburn.

Upande wa pili nao wana hoja na sio ndogo. Kuanzia Olimpiki ya Athens 2004 ile sehemu ya kukimbia na kuruka kabla ya krosi-kantri ilitolewa, kwa hiyo uvumilivu haupimwi kama zamani, dresaji na viunzi vimekuwa na uzito zaidi, na hapo farasi wa Ulaya bara ana mwendo wa kuvutia na anaogopa kugusa mti wa kiunzi. Ballaghmor Class wa mpandaji Oliver Townend ameshinda Burghley, iventi ya nyota 5 kule Uingereza, 2017 na 2023, kazaliwa Ireland lakini baba yake Courage II ni Holsteiner, koo ya farasi wa Ujerumani. Huwezi kubishana na matokeo kama hayo.

Lakini fungua ukoo kidogo. Cooley Master Class, aliyeshinda iventi kubwa ya Kentucky kule Marekani 2018 na 2019, baba yake katoka kwenye koo za Ulaya bara, ila mama yake ni mtoto wa Master Imp, Thoroughbred. Na hao Holsteiner wenyewe walijengwa upya na Thoroughbred, Ladykiller alipelekwa kule miaka ya 60 akamzaa Landgraf, na koo nyingi za leo zinapita kwake. Yaani mtu anayesema anamkimbia Thoroughbred kwa kununua mbegu Ujerumani analipia Thoroughbred yule yule, tena aliyechaguliwa na Wajerumani kwa macho yao na kwa mahitaji yao.

Hapo ndo penye tatizo langu, uchaguzi. Thoroughbred wengi wa leo wanatafutiwa kasi ya masafa mafupi wakiwa na miaka 2 au 3, anayeshinda anakwenda kuzalisha akiwa bado kijana na hakuna aliyejua kama miguu yake ingefika miaka 10. Watu wanasema basi chukua ukoo wa mbio za kuruka, hao wanadumu. Sawa, lakini madume ya mbio za kuruka karibu yote yamehasiwa! Arkle, yule mkubwa kuliko wote, aliyeshinda mbio za kuruka za Gold Cup kule Cheltenham 1964, 1965 na 1966, hakuacha hata mtoto mmoja. Dume la kuzalisha warukaji mara nyingi limepimwa kwenye mbio za tambarare, kuruka kwake hakuna aliyekuona. Ukimpandisha Draught wako kwa dume hilo kwa sababu tu lina jina au liko jirani, halafu ukapata mtoto mwenye kwato bapa na kichwa moto, usiseme Thoroughbred hafai, sema hukumwangalia.

Na kuna la mama, linaniuma kuliko yote. Rejista ya Irish Draught ilifunguliwa 1917 na majike 375 na madume 44, na leo wanahesabika kwenye koo adimu. Mimba ya farasi ni miezi 11, mtoto mmoja kwa mwaka ukiwa na bahati, kwa hiyo kila mwaka jike anapokwenda kwa Thoroughbred ni mwaka ambao binti safi wa Draught hakuzaliwa. Najua usafi wenyewe haukuwahi kuwa wa kufunga mlango, hata Clover Hill aliyeandikwa kama Draught baba yake alikuwa Thoroughbred, lakini kuongeza tone ni kitu kimoja na kumaliza chungu ni kingine. Mfugaji mdogo simlaumu, chotara ndo anauzika, ila kama serikali inataka farasi huyu abaki basi ilipe ile tofauti ya bei kwa anayezalisha Draught kwa Draught.

Mimi ningekuwa na jike mmoja wa Draught, mtoto wa kwanza ningemtafutia kwa Draught mwenzake mpaka nipate binti wa kumrithi, ndo baadaye ningetafuta Thoroughbred aliyekimbia masafa marefu mpaka miaka 5 au 6 akatoka na miguu mizima, ningeenda kumtazama anatembea na anakanyaga vipi, ningeuliza watoto wake wakubwa wako wapi sasa hivi na kama bado wanapandwa.