Nimejaza dodoso la nepi, na sina mtoto

Matokeo yametoka Jumanne usiku. Utafiti wa Masoko, kozi ninayosoma kwa mtandao: C. Sina ugomvi na C yenyewe, nimeshapata C nyingi maishani na bado nakula. Kilichonichoma ni maelezo ya mhadhiri pale chini: "Watoa majibu hawakujaza fomu wenyewe. Sampuli haiaminiki."

Haiaminiki! Mimi niliyeshinda siku nne sokoni mpaka kichwa kikaniuma kwa jua.

Kazi ilikuwa hivi: chagua bidhaa, tengeneza dodoso kwenye fomu ya Google, sambaza linki, pata majibu 100, chambua. Wenzangu wakaimwaga linki kwenye grupu letu la WhatsApp. "Wapendwa nisaidieni kujaza, dakika mbili tu." Umjazie, naye akujazie. Nimejaza la losheni, la bima ya pikipiki, la chakula cha kuku. Nimejaza dodoso la nepi nikasema nina watoto wawili, mdogo ana miezi saba na ngozi yake ni laini sana. Mimi sina mtoto. Mwenye nepi kapata A. Na waliopungukiwa majibu walikesha usiku mmoja wakapika data, wakahakikisha tu asilimia zisifanane mno. Nao wamefaulu, hongereni sana.

Mimi nilichagua ming'oko, vile viazi pori vyembamba vya kuchemsha. Hapa kwetu Mtwara hakuna bidhaa inayojiuza yenyewe kama hiyo, na sijawahi kumwona muuza ming'oko akijaza fomu ya mtu. Nikachapisha madodoso kwa hela yangu, nikaenda.

Mama wa kwanza aliitikia shikamoo yangu huku macho yakiwa kwenye kalamu. "Wewe wa mapato?"

Nikamwambia mimi mwanafunzi, mama.

"Haya. Mapato nao walisoma."

Nikauliza swali la pili: kwa mwezi unauza kilo ngapi? Alicheka mpaka akamwita jirani yake aje asikie. Kilo! Ming'oko inauzwa kwa fungu, dunia nzima inajua, isipokuwa dodoso langu. Nikaruka mbele, kwenye yale maswali tuliyofundishwa wiki nzima: kwa kiwango cha 1 hadi 5, umeridhika kiasi gani na wateja wako?

"Kubwa ipi, moja au tano?"

Tano.

"Basi zote weka tano, mwanangu, usipate shida."

Ningekuwa na akili ningeandika tano zote nikarudi nyumbani Chikongola kulala. Badala yake nikaweka karatasi chini, nikanunua fungu la mia tano, nikakaa naye kwenye benchi. Hapo ndipo nilipofundishwa. Kwamba mishahara ikitoka fungu linapangwa kubwa na hakuna anayeuliza bei, lakini tarehe za kati unapanga madogo, maana mtu anayo mia mbili mkononi na anaona aibu kuomba nusu. Kwamba wa maofisini wanataka nyembamba, zilizomenywa, pilipili kando wasichafue shati. Kwamba watoto wa shule wanafuata chumvi kuliko ming'oko yenyewe. Kwamba amewahi kuongeza bei bila kupunguza wateja, kwa kuongeza ndimu tu. Yote hayo yako kichwani mwake na hajawahi kusikia neno "mgawanyo wa soko". Mhadhiri wetu alitumia vipindi viwili na slaidi 46 kutufikisha nusu ya hapo.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba tulisoma wenyewe, wiki ya tatu, kisa cha jarida la Literary Digest la Marekani. Mwaka 1936 walituma karatasi za maoni kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, wakatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo yote isipokuwa mawili. Kosa? Majina mengi waliyatoa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na waliojisumbua kujibu walikuwa wa aina yake pia. Tuliulizwa hilo kwenye mtihani. Mimi nikalipata. Kisha mtu yuleyule aliyetunga swali ananiambia watu wa kweli wa utafiti ni wale wenye simu janja, bando, na muda wa kubonyeza linki. Yaani kosa la 1936 tumelikariri ili tulirudie vizuri.

Sawa, na mimi nina makosa yangu. Nilipata watu 31, si 100. Wengine niliwajazia mimi kutokana na mazungumzo, na anayejaza kwa niaba ya mtu anaweza kumwekea maneno mdomoni. Hilo nalikubali, ingawa shingo upande. Na kozi yenyewe ya mtandaoni siikatai: bila hiyo ningekuwa nalipa kodi ya chumba Dar, au nisingesoma kabisa. Angalau nasoma huku nasikia harufu ya bahari.

Ila wenzetu wa huko wasijifanye hawajui tunavyosoma huku. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar pale Somanga, kusini tukabaki kisiwa. Bibi yangu alikuwa mgonjwa upande wa pili, nikaomba siku mbili za kuwasilisha kazi. Jibu: "Masomo ni ya mtandaoni, barabara inahusianaje?" Haikupita hata wiki mbili, nyaya za baharini zikakatika na Dar nao wakaonja. Tangazo likaja haraka: muda umeongezwa kwa wote. Ahsanteni.

Rufaa nimekata, kwa barua pepe, na nimeambatisha picha za benchi. Wamesema watanijibu ndani ya siku 14 za kazi.

Madodoso yaliyobaki nilimwachia yule mama, alisema karatasi ni nzuri, nzito. Juzi nilipita kununua. Akanifungia ming'oko kwenye ukurasa wa tatu, chumvi imemwagikia pale penye duara tano, na akanizidishia miwili.