Kilo kwanza au dawa kwanza? Wenye PCOS wanaotafuta mtoto

"Punguza kilo kumi na tano ndo urudi." Binamu yangu ana PCOS, yaani homoni zimevurugika na mayai hayapevuki kwa mpangilio, na anatafuta mtoto. Aliambiwa hivyo kliniki akiwa na miaka 34, hakuandikiwa chochote, hakuulizwa kama mumewe kapimwa mbegu, akapewa karatasi ya mlo akarudi nyumbani analia. Basi familia ikagawanyika, shangazi anasema daktari yuko sahihi, dada yake anasema wamempotezea muda. Nimelifikiria sana hili na kila upande una hoja yake.

Wa kilo wana sababu. Wengi wenye PCOS mwili hauisikii insulini vizuri, kwa hiyo mwili unamwaga nyingi zaidi, hiyo insulini inazichokonoa ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi, yai linaanza kukua halafu linakwama njiani. Vile vidude kama shanga mnavyoonyeshwa kwenye ultrasaundi, watu wanaviita uvimbe, kumbe ni vifuko vya mayai yaliyogoma kupevuka. Sasa ukipungua hata asilimia 5 tu ya uzito wapo ambao hedhi inarudi yenyewe, na ukija kushika mimba hatari ya presha na kisukari cha mimba inakuwa ndogo. Hilo halina ubishi.

Ubishi ni kwenye neno "ndo urudi". Uholanzi walilifanyia utafiti, ukatoka 2016, wanawake 577 wanene wanaotafuta mtoto (sio wote wa PCOS), nusu wakapewa miezi sita ya mlo na mazoezi kabla ya tiba, nusu wakaanza tiba moja kwa moja. Ndani ya miaka miwili waliojifungua salama kwa njia ya kawaida mtoto mmoja aliyetimiza miezi walikuwa asilimia 27.1 kwa waliosubirishwa, na 35.2 kwa walioanza tiba. Ila, na hapa wa kilo wasikie, waliofanya mazoezi walishika mimba bila msaada wa dawa wengi zaidi ya wenzao. Kwa hiyo kilo zinasaidia, tatizo ni kuzifanya geti la kuingilia. Mtu wa miaka 25 miezi sita anayo, wa miaka 37 mayai hayamsubiri. Na wale wembamba wenye PCOS, maana wapo wengi tu, wao wapunguze nini?

Kwenye dawa zenyewe, huku kwetu bado Clomid, kidonge cha kuchochea mayai, ndo mfalme, mpaka watu wanainunua dukani wenyewe wanameza bila hata ultrasaundi, halafu mapacha wakija mnashangaa. Utafiti wa Marekani wa 2014, wanawake 750 wote wa PCOS, waliopewa letrozoli, kidonge kingine cha kuchochea mayai, asilimia 27.5 walipata mtoto, wa Clomid 19.1. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 unaiweka letrozoli namba moja. Shida yake ni kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya kansa ya matiti, mume anasoma kikaratasi cha ndani ya boksi anashtuka, mama mkwe anapigiwa simu, vurugu. Jamani inamezwa siku tano tu mwanzoni mwa mzunguko, na inatoka mwilini mapema. Metfomini, dawa ya kisukari, nayo wengi wanapewa kama ndo tiba ya uzazi, wakati utafiti mwingine wa 2007 ulionyesha ikitumika peke yake asilimia 7.2 tu ndo walipata mtoto, Clomid 22.5. Inafaa kwa sukari, kwa mtoto peke yake ni dhaifu.

Vidonge vikigoma zipo sindano, upo upasuaji mdogo wa kuzichoma ovari vitundu, na mwisho kupandikiza mimba (IVF), ambako pesa yake ni ya kuuza kiwanja. Wa PCOS kule hutoa mayai mengi kweli, lakini ovari zinaweza kuvimba tumbo likajaa maji, ndo maana kliniki makini inagandisha viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa) kwanza mwili utulie kisha wanarudisha mwezi mwingine. Ukiambiwa ukimbilie huko wakati hujawahi hata kumeza letrozoli, uliza kwa nini.

Dawa za unga wa kusafisha kizazi sitaki hata kuziongelea.

Mimi naegemea kwa dada mtu, ila sio mia kwa mia: dawa ianze, kilo zipungue huku huku, na kabla ya yote mume akatoe mbegu zipimwe na mirija ya uzazi ya mke ipimwe, maana unaweza kuchochea mayai mwaka mzima kumbe njia imeziba. Binamu alihama daktari. Mume alipimwa wiki ya kwanza (alinuna lakini alienda), mirija iko wazi, sasa yuko mzunguko wa tatu wa letrozoli na jioni anatembea na shangazi yule yule wa kilo. Kilo zimeshuka nne.